Spika ya Nyuma, Kushoto

Bi Mwanamkasi Singano aliileta kamera ndani ya mfuko,
imeviringwa kwa khanga kama mkate wa moto.
Kijimlango chake cha kanda hakifunguki bila kubembelezwa.
"Mwanangu wa Maskati kanitumia spika sita," akasema,
"tano za kusimama, moja ya kukaa chini ingurume.
Filamu yangu nataka isikike pande zote."

Mimi ni fundi wa Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani.
Kazi zangu nyingi ni waja leo, waondoka leo:
kipaimara, sendofu, mkutano wa sakosi uliojaa vikohozi.
Nikamwambia ukweli kabla ya bei.
Mama, kamera hii ilikuwa na masikio mawili.
Mawili hayawi sita hata kwa dua.
Kugawa naweza. Kuzidisha, la.
Akasema, "Basi gawa."

Usiku nikaivuta kanda kuiingiza kwenye kompyuta.
Kanda haina haraka,
ukitaka dakika hamsini na mbili zake, utampa hamsini na mbili zako.
Pembeni tarehe inadai ni Januari mosi, elfu mbili;
hakuna aliyewahi kuirekebisha saa.
Makorora. Nyumba inaezekwa.
Bati jipya linang'aa mpaka picha inaungua,
na Mwanamkasi, kijana, sinia la mihogo mkononi,
anajificha uso kwa kiganja:
"Usinipige mie, piga nyumba!"

Nikagawa.
Maneno yake, spika ya kati.
Nyundo kushoto, msumeno kulia.
Mashine ya kusaga ya jirani nikaishusha
kwa yule anayenguruma chini.
Mvua ilipoanza nikaichuja uzito, nikabakiza matone membamba,
nikayatuma mbele, mengine nyuma, yakichelewa kwa chembe ya sekunde,
hadi bati likawa juu ya kichwa changu
mimi niishiye chini ya zege.

Kikabaki kitu.
Ukiondoa maneno, nyundo, mashine na mvua, kilikuwepo.
Nikadhani ni uchafu wa kanda.
Programu ina kitufe chake: unaionyesha uchafu mara moja,
inausafisha kote.
Kidole kilikuwa tayari.

Alikuwa mtu anapumua.
Pua imeziba kidogo, na kila pumzi ya nne, mguno,
kama wa mtu aliyebeba kitu na hataki kukitua.
Haonekani popote, hata kivuli.
Anasema mara moja tu, karibu na kinasa sauti kuliko wote:
"Kasi, tazama huku."

Asubuhi nikauliza nani alishika kamera.
"Hizza," akasema. Akakunja khanga, akaikunjua.
"Picha zake ninazo tatu. Zote za kitambulisho."

Kanuni ya ufundi ni kwamba msemaji huwekwa katikati.
Lakini katikati ndipo alipokuwa anapatazama;
mwenyewe hakusimama hapo.
Alisimama nyuma ya jicho la kamera,
yaani nyuma ya kochi, upande wa cherehani.

Jumamosi nikaenda kufunga waya.
Nyumba ile ile, bati limeshika kutu.
Spika ya nyuma, kushoto, haikuwa na pa kukaa,
tukaipandisha juu ya cherehani.
Mvua ikanyesha sebuleni. Mashine ikatetemesha vikombe kabatini.
Kisha: Kasi, tazama huku.

Kwenye runinga yule kijana akashusha kiganja, akatazama.
Kwenye kochi huyu mzima akageuka nyuma,
shingo nzima, na bega lake bovu.
Sikujua niangalie wapi. Nikaangalia waya.

Mguno wa nne ukapita.
"Fundi," akasema, bila kugeuka mbele,
"ipunguze hiyo mvua upande wake. Analowa."

Nikarudi Ngamiani nikaishusha, desibeli tatu, nyuma kushoto tu.
Hiyo sikumtoza.